Kifungo Kina Tarehe ya Mwisho, Rekodi Haina

Mwaka 2014 mahakama moja ya Mombasa ilinihukumu kifungo cha miaka mitano kwa kosa la kumwibia mwajiri, ambalo limeelezwa katika kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka saba. Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya kushughulikia mizigo ya bandarini. Yaliyotendeka yalisikizwa, yakaandikwa na kutolewa uamuzi, nami sina nia ya kuyafungulia kesi ya pili hapa. Ninachotaka kukieleza ni kile kilichofuata baada ya adhabu kumalizika, kwa sababu hicho hakuna hakimu aliyenisomea.

Kwa mujibu wa kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza, mfungwa wa kawaida anayefanya kazi na kutunza nidhamu husamehewa theluthi moja ya kifungo chake. Kwa hiyo miaka yangu mitano ilikuwa, kwa hesabu ya gerezani, miaka mitatu na miezi minne, na kila mfungwa wa Shimo la Tewa, gereza nilikofungwa, anaijua hesabu hiyo ya kwake kuliko anavyoijua namba yake ya kitambulisho. Nilitoka mwishoni mwa mwaka 2017 nikiamini kwamba deni limelipwa. Sikujua kwamba mla mbuzi hulipa ng'ombe, na kwamba ng'ombe mwenyewe hulipwa kwa awamu zisizo na mwisho.

Nianze na kilichonisaidia, kwa kuwa kipo. Gerezani nilijifunza useremala. Wazee waliokuwa ndani tangu zamani walitusimulia jinsi watu walivyolala juu ya sakafu tupu kabla ya mageuzi ya Moody Awori, ambaye alikuwa waziri wa masuala ya ndani kuanzia 2003 na baadaye Makamu wa Rais. Magodoro, televisheni na masomo ya maana ni mambo ambayo kizazi changu cha wafungwa kiliyakuta. Nilikuta karakana pia. Ujira wake ulihesabiwa kwa senti, na mashine nyingi zilikuwa kongwe, lakini afande aliyetufundisha alikuwa fundi hasa. Hakuturuhusu kugusa msumari kwa miezi kadhaa. Kila kiungo kilipaswa kushikana kwa ulimi unaoingia katika tundu, na akishamaliza mwanafunzi kukichonga, yeye hukinyanyua kiti kwa mguu mmoja na kukitikisa kabla ya gundi kutiwa. Kikilia, unarudi kwenye patasi. Mkono wangu uliozoea kalamu ulitoka malengelenge, ukapona, ukaota sugu, na hatimaye nikafanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, nikapata daraja la tatu. Cheti kile kina jina langu, fani yangu na daraja langu, wala hakitaji mahali nilipojifunzia. Baadaye nilikuja kuelewa thamani ya ukimya huo wa karatasi.

Mtu akitoka, jamaa humuuliza amekula nini na amelala wapi. Swali lenye manufaa zaidi lingekuwa kama ana karatasi. Kitambulisho changu kilikuwa kimehifadhiwa pamoja na vitu vyangu vya getini, na hiyo ilikuwa bahati; niliotoka nao walianza maisha kwa kwenda kuripoti kwamba vyao vimepotea. Namba yangu ya simu ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, kwa kuwa laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni, na pamoja nayo ilipotea njia ya kupokea pesa na ya kupatikana na watu wachache ambao bado wangetaka kunipata. Benki ilikuwa na mkopo wangu mdogo ambao uliendelea kuzaa riba bila kujali kwamba mkopaji amevaa sare ya mistari, na jina langu lilikuwa limepelekwa kwa wakala wa taarifa za mikopo.

Lililonishangaza kuliko yote ni kodi. Kila mwenye PIN, yaani namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, anapaswa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yake, kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hakupata shilingi moja, na asiyewasilisha hutozwa adhabu. Siku hizi adhabu hiyo kwa mtu binafsi si chini ya shilingi 2,000 kwa kila mwaka. Mfumo haujui kwamba mlipakodi yumo gerezani, wala haumuulizi. Nilipofungua akaunti yangu katika duka la intaneti pale Kisauni, nilikuta adhabu zimepangana mwaka baada ya mwaka, kana kwamba nilikuwa nimekaa nyumbani kwa kiburi nikakataa kujaza fomu. Kijana wa dukani aliniuliza, kwa heshima, "Kaka, ulikuwa ng'ambo?" Nikamwambia nilikuwa mbali. Niliandika barua ya kuomba kusamehewa adhabu hizo, na kwa muda mrefu ile ndiyo ikawa kazi yangu: kuandika barua za kueleza kwa nini sikuwepo.

Kurudi kwenye hesabu sikujaribu sana. Watu wananiuliza kama hilo halikuniuma, nami hujibu kwamba liliniuma, lakini ningekuwa mimi ndiye mwajiri, nisingemkabidhi sanduku la fedha mtu aliyehukumiwa kwa kosa la sanduku la fedha, angalau si katika miaka ya mwanzo. Hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na jambo jingine, nami nitalieleza kwa kirefu.

Mwaka 2018 nilipata kibarua katika karakana moja kubwa ya samani, inayotengeneza vitanda na kabati za hoteli za pwani. Nilipata kazi kwa kuonyesha mkono. Msimamizi alinipa ubao wa mkangazi na kuniambia nitengeneze droo, akaivuta na kuisukuma mara kadhaa, akasema nije kesho. Hakuna aliyeniuliza nilikotoka, kwa maana kibarua haulizwi. Anahesabiwa asubuhi na kulipwa jioni. Nilikaa pale miezi mingi. Nilianza kupewa kazi za milango ya mbele, ambazo hazipewi kila mtu, na msimamizi akawa ananiita "fundi" badala ya "wewe".

Sasa, Sheria ya Ajira ya 2007 ina kifungu cha 37, ambacho kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kwa jumla, ajira yake hugeuka kuwa ya mkataba unaolipwa kwa mwezi, na haki zake hubadilika ipasavyo. Kifungu hicho kiliwekwa kumlinda mnyonge, na ninakiunga mkono. Lakini katika kampuni ile kilitekelezwa siku ambayo wakaguzi walikuja, na ofisi ya wafanyakazi ikatangaza kwamba vibarua wote wa muda mrefu waandikishwe na kila mmoja alete kitambulisho, PIN, kadi za bima na za uzeeni, na cheti cha tabia njema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huonyesha kama mtu ana rekodi ya hukumu. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikaa kando ya lundo la takataka za randa nikijua kwamba kupandishwa cheo ndiko kunakoniondoa.

Nililipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, nikachapisha fomu ya alama za vidole, nikapanga foleni pamoja na wasichana wanaokwenda kufanya kazi Saudia, walimu wapya na madereva wanaotafuta kibali cha matatu. Afisa huushika mkono wako kama kwamba si wako, anaupaka wino mweusi, kisha anavingirisha vidole kimoja kimoja kutoka ukucha hadi ukucha. Vyangu havikutoka vizuri. Msasa ulikuwa umekwangua alama hadi zikawa laini, na afisa alirudia kidole gumba akilalamika kwamba mafundi wanampa tabu. Kwa dakika chache nilijiruhusu ndoto ya kijinga, kwamba labda kazi yenyewe imenifuta rekodi. Haikuwa hivyo. Cheti kilipotoka kilisema kilichosema, ofisi ikakisoma, na msimamizi aliyenipenda akanifuata hadi getini kuniambia kwamba uamuzi haukuwa wake. Aliongeza, "Kama wangekuacha kibarua tu, ungekaa hapa hata miaka kumi." Alisema kweli, na ukweli huo ndio unaonisumbua hadi leo: hatari waliyoiona katika karatasi hawakuwa wameiona kwa mtu aliyekuwa mbele yao kwa muda wote ule akishika funguo za stoo.

Mniwie radhi nitoke kidogo kwenye habari zangu. Katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, wafungwa wa Kenya walipiga kura ya kumchagua rais, nami nilikuwa miongoni mwao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 99, inamzuia kugombea ubunge mtu ambaye bado anatumikia hukumu ya kifungo cha miezi sita au zaidi; hukumu ikiisha, kizuizi hicho nacho huisha, na hata aliye na kifungo hazuiwi mpaka njia zote za rufaa zimalizike. Maana yake ni kwamba nilikubaliwa kumchagua rais nikiwa ndani, na ninakubaliwa kuomba kura za ubunge nikiwa nje, ilhali siwezi kupata kazi ya kulinda geti la duka la vipuri, kuendesha matatu, wala kusajiliwa kuwa mwalimu wa useremala katika shule ya umma bila ya cheti kile kusimama katikati. Sheria ya Ajira inataja misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kuitumia kumbagua mfanyakazi, kama vile rangi, jinsia, dini, ulemavu na hali ya ukimwi. Hukumu ya zamani haimo katika orodha hiyo.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayosema kwamba hukumu nyingi, baada ya muda fulani kupita bila kosa jingine, huhesabika kuwa zimekwisha, na kwa kazi za kawaida mtu halazimiki kuzitaja. Afrika Kusini ina utaratibu ambao aliyetiwa hatiani kwa makosa ya kiwango fulani anaweza, baada ya miaka 10, kuomba rekodi yake ifutwe. Hapa kwetu mtu mzima hana sheria ya jumla ya namna hiyo. Anayetaka kupunguziwa adhabu anaweza kuandikia Kamati ya Ushauri kuhusu Msamaha wa Rais, na wengine wamefaulu, lakini ile ni huruma inayotolewa kwa mtu mmoja mmoja. Mimi ninazungumzia kalenda. Sitaki rekodi za wabakaji wa watoto zifichwe kwa walimu wakuu, wala sidai benki inipe ufunguo. Ninachodai ni kwamba kuwe na muda unaojulikana, na kuwe na uhusiano kati ya kosa na kazi. Mtu aliyeghushi hundi mwaka 2005 anazuiwa nini kupiga randa mwaka 2025?

Katika mazungumzo kama haya, watu hupenda kunitajia Pete Ouko, aliyekaa gereza la Kamiti kwa miaka mingi, akasoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa mfungwa, akaachiliwa kwa msamaha wa rais mwaka 2016 na ambaye ameendelea na shirika lake la Crime Si Poa la kuwaepusha vijana na uhalifu. Wengine humtaja Susan Kigula wa Uganda, aliyekuwa amehukumiwa kifo akiwa gereza la Luzira, ambaye kesi iliyobeba jina lake ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2009 na kuondoa ulazima wa adhabu ya kifo nchini humo, na ambaye naye aliachiliwa mwaka 2016 akiwa amesoma sheria. Ninawaheshimu mno. Hata hivyo, nimegundua kwamba majina yao hutumiwa vibaya na watu wasiotaka kubadilisha chochote, kwa kuwa ukishasema "Mbona fulani alifaulu?", umemtupia mzigo wote aliyetoka jana na nauli ya kufika Mtwapa tu, mji ulio jirani na gereza. Aliyekuwa mwizi wa kuku hawezi kudaiwa shahada ya sheria ili apate kazi ya kuosha magari.

Nilichofanya mimi hakina hadithi ya kusisimua. Baada ya karakana ile nilirudi kwa mama, ambaye alinipa ua wa nyuma wa nyumba na kuniambia, "Mwanangu, vumbi lako litaniudhi lakini njaa yako itaniudhi zaidi." Idara ya Probesheni, ambayo nilidhani huhudumia waliopewa adhabu za nje tu, ina wajibu wa kuwaangalia wanaotoka magerezani pia, na afisa mmoja alinisaidia kupata seti ya vifaa, ikiwemo randa na patasi nilizonazo hadi leo. Kusajili jina la biashara hakukuhitaji cheti cha tabia njema. Leseni ya kaunti haikukihitaji. Kwa hiyo, wafungwa wa zamani wanaposifiwa kwa moyo wa ujasiriamali, ningependa wasifiaji wajue kwamba wengi wetu tuliingia mlango huo kwa sababu ndio pekee usio na mlinzi anayeuliza karatasi.

Mtaji ndio uliokuwa mlima. Benki isingenitazama, kwa historia yangu ya mkopo na wala si kwa sababu ya jela, ingawa moja lilizaa jingine. Nilikwenda kwenye chama cha mtaa cha kuchangiana fedha kwa zamu, ambacho dada yangu alikuwa mwanachama, nikaomba nipokewe. Waliweka kikao juu yangu. Nilikaa nje chini ya mwembe huku wakijadiliana, nikasikia sauti zikipanda, hasa ya mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa amewahi kuibiwa pikipiki. Niliingizwa kwa masharti mawili: kwamba dada yangu angenidhamini kwa zamu yake mwenyewe, na kwamba nisingepewa wadhifa wowote wa kushika fedha. Nilikubali yote mawili papo hapo. Masharti yale yalikuwa ya haki kuliko karatasi yoyote niliyowahi kusomewa, maana yalilenga kosa lenyewe, yaliwekwa na watu walionitazama usoni, na yaliweza kubadilishwa. Mama yule wa pikipiki ndiye aliyependekeza, miaka kadhaa baadaye, kwamba sharti la pili liondolewe. Mimi ndiye niliyekataa. Sikuona haja ya kushika daftari tena.

Wateja ni suala jingine. Mwanzoni nilijiuliza kama nina wajibu wa kumweleza kila anayeagiza meza ya kulia chakula. Leo nina kanuni yangu. Anayeninunulia kitu karakanani halazimiki kujua, kama vile mimi nisivyojua yake. Anayeniingiza nyumbani kwake kupima kabati za jikoni wakati familia haipo, mimi humwambia kabla ya kuchukua amana, kwa sentensi mbili na bila machozi: nilifungwa, nilimaliza, kama una swali uliza. Wachache wameondoka. Wengi huuliza swali moja, mara nyingi kuhusu chakula cha jela, kisha tunarudi kwenye vipimo. Mbaya zaidi ni akijua mwenyewe baadaye kupitia kwa jirani, kwa kuwa hapo kosa la zamani linageuka kuwa uongo wa sasa, na uongo wa sasa hauna theluthi ya kusamehewa.

Kuhusu ndoa sitasema mengi. Mke wangu alinisubiri mwaka wa kwanza na wa pili, kisha akaacha, nami simlaumu. Binti yetu huja likizo. Amejifunza kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, na anaijua habari yangu kutoka kwangu mwenyewe, kwa sababu shuleni angeisikia kwa namna mbaya zaidi.

Siku hizi karakana ina vijana wawili waliotoka ndani. Siwachukui kwa huruma. Hao walikuja na mkono mzuri wakabaki, mwingine aliyekuja kabla yao nilimfukuza kwa uvivu, na rekodi yake haikuhusika kwa njia yoyote. Mwaka jana shule moja ya binafsi ilitaka tutengeneze madawati, na katika mkataba iliandika kwamba kila fundi atakayeingia kiwanjani alete cheti cha tabia njema. Niliona ni haki, panapo watoto. Tulikubaliana kwamba madawati yote yaundwe karakanani na yafikishwe getini, na wafanyakazi wa shule wayaingize wenyewe. Mkuu wa shule hakuhitaji kuvunja kanuni yake, nasi hatukukosa kazi. Nimeona kwamba mara nyingi suluhisho la aina hiyo lipo, iwapo kuna mtu wa kuzungumza naye badala ya fomu.

Kwa wale walionipigia simu wakiwa na ndugu aliyebakiza miezi michache Shimo la Tewa, Manyani au kwingineko, jibu langu ni lilelile. Ulizeni sasa kitambulisho chake kiko wapi. Laini yake ya simu iwekeni ndani ya simu na itumieni mara kwa mara. Akiwa na PIN, fanyeni mpango wa kumjazia ritani ya sifuri kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka, na akiwa na mkopo, iandikieni benki mapema kabla riba haijalimbikizana. Kama amejifunza fani, hakikisheni amefanyiwa mtihani na cheti kimetoka kabla hajatoka yeye, kwa sababu kukifuatilia akiwa nje huchukua nauli ambayo hatakuwa nayo. Na nendeni kwa afisa wa probesheni wa eneo lenu kabla ya siku ya kuachiliwa, mkamwambie nyumba anayorudi ni ipi.